Dakika Moja ya Siki

Julai huko Karatina baridi huingia hadi kwenye mifupa, kwa hiyo kazi ya kwanza ya muuguzi anayepima mlango wa kizazi kwa siki ni kukiingiza chuma chake cha kufungulia uke, spekula, kwenye maji ya uvuguvugu. "Lala vizuri, mami. Magoti yaachie tu."

Anayejifunza hukimbilia siki. Muuguzi huyu hutazama kwanza bila kupaka chochote. Anatafuta mpaka ambapo rangi ya waridi ya nje hukutana na wekundu wa ndani, kwa kuwa saratani ya mlango wa kizazi mara nyingi huanzia hapohapo. Kama kuna weupe uliokuwepo tangu zamani, auone sasa, usije ukamdanganya baadaye. Kwa mama aliyekoma hedhi, mpaka huo mara nyingi umejificha ndani. Hapo husema wazi kwamba kipimo hiki hakitamfaa.

Ndipo inakuja pamba iliyoloa siki ya asilimia 3 hadi 5, kisha dakika nzima ya kungoja. Siki hugandisha protini, na seli zilizoanza kuharibika, kwa kuwa zimejaa protini, hugeuka nyeupe. Shida ni kwamba uvimbe wa kawaida nao hutoa weupe, ila hafifu, usio na kingo, unaofifia upesi. Anaoutafuta ni mzito, wenye kingo kali, ulioshikamana na ule mpaka. Nimeyaona macho kama haya kwa akina mama wa viwanda vya kahawa, wanaotoa tunda la kijani katikati ya mekundu bila kukatiza porojo. Lakini wao wana kijani na nyekundu. Huyu hutenganisha nyeupe na nyeupe.

Kipimo cha HPV, kirusi kinacholeta saratani hii, hukamata wengi zaidi, na mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe. Naamini ndiko tunakoelekea. Ila mara nyingi majibu hungojwa kwa siku kadhaa, na aliyepanda matatu kutoka Mukurwe-ini huenda asirudi. Siki humjibu akiwa bado kitandani. Doa linalofaa kutibiwa huweza kuchomwa siku hiyohiyo kwa ncha yenye joto la nyuzi 100, na haichukui hata dakika.

Ukiteremka barabara kuu hadi Thika, kuna kungoja kwa aina nyingine. Huko, na Nairobi na Kisumu, Dkt. Nelly Mugo wa taasisi ya utafiti ya KEMRI na wenzake waliwafuatilia wasichana 2,275 wa miaka 15 hadi 20, kujua kama dozi moja tu ya chanjo ya HPV inatosha. Matokeo yalitoka mwaka 2022: kwa miezi 18, kinga ya asilimia 97.5 dhidi ya aina ya 16 na ya 18, zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hii.

Kitandani Karatina, mama anainua kichwa. "Nesi, bado tu?"

"Bado, mami. Hata dakika haijaisha."