Macho ya Mtu Katika Kichwa cha Udongo

Kikaragosi kina pua bapa, meno makubwa yaliyojipanga ovyo, na kichwa kilichopita mabega kwa upana. Kinatulia kidogo. Kisha macho yanageuka pembeni, na hapo mtazamaji anashtuka, kwa sababu macho hayo ni ya mtu. Yana unyevunyevu, yana kope, yanapepesa haraka kama ya mtu anayetafuta la kusingizia. Mdomo nao ukifunguka, ulimi na mate ni vya binadamu. Kilichobaki chote ni udongo.

Hivyo ndivyo Michel Beaudet wa Quebec, aliyetokea kwenye kazi ya matangazo ya biashara, alivyoijenga Têtes à claques, tovuti ya vichekesho vya Kifaransa iliyoanza mwaka 2006. Vichekesho vyake ni vya dakika chache tu, na sauti nyingi ni zake mwenyewe. Haukupita muda, maneno ya vikaragosi vyake yakawa yanasikika midomoni mwa watu wa Quebec. Mimi navutwa zaidi na ufundi wake, na hasa na yale ambayo fundi huyu aliamua kuyaacha.

Kuhuisha udongo ni kazi ya subira kubwa. Filamu hupita kwa picha 24 katika sekunde moja. Fundi anakisogeza kikaragosi kidogo, anapiga picha, anakisogeza tena. Hata kila mkao ukipigwa picha mbili, sekunde moja bado inamdai mikao 12. Udongo unaotumika sana ni plastisini, iliyobuniwa mwaka 1897 na William Harbutt, mwalimu wa sanaa wa mji wa Bath, Uingereza, aliyetaka wanafunzi wake wapate udongo usiokauka. Kwa mhuishaji, sifa hiyo ya kutokauka ndiyo kila kitu, maana kazi ya leo lazima ikubali kufinyangwa upya kesho.

Waliobobea katika njia hiyo wamefanya makubwa. Katika Creature Comforts ya mwaka 1989, Nick Park wa studio ya Aardman, Bristol, alichukua sauti za watu wa kawaida waliohojiwa kuhusu makazi yao, akazitia vinywani mwa wanyama wa bustani ya wanyama. Filamu hiyo ilipata Oscar. Ukiitazama utaona mahali jasho lilipomwagika: kila irabu ina umbo lake la mdomo, na kila umbo limepangwa kwa mkono. Kusema kwa udongo ni kugumu kuliko kutembea kwa udongo.

Beaudet aliupita mlima huo kwa njia nyingine. Aliyarekodi macho na mdomo wa mtu hai, kisha kwa kompyuta akavipachika juu ya uso uliofinyangwa. Wazo la kupachika midomo lilikuwapo zamani. Clutch Cargo, mfululizo wa Kimarekani wa mwaka 1959, uliweka midomo ya watu juu ya michoro ili kupunguza gharama. Lakini huko macho yalibaki ya kuchorwa, na matokeo yake hutia kinyaa kidogo: midomo inahangaika peke yake katika uso uliokufa. Beaudet alipoyaongeza macho, uso mzima ulizinduka. Nadhani hapo ndipo thamani ya kazi yake ilipo. Mdomo hutoa maneno, lakini macho ndiyo yanayotuambia kwamba msemaji hayaamini anayoyasema, au ameanza kuogopa, au hajaelewa alichoulizwa na anaona haya kuuliza tena.

Kiwiliwili, kwa upande wake, hakina kazi nyingi. Hakirukiruki, hakianguki ovyo. Kwa kuwa kimetulia, jicho la mtazamaji halina pa kwenda isipokuwa usoni, na pale usoni kupepesa kope mara moja kunatosha kuangusha kicheko. Na udongo umeshafanya kazi yake kabla ya neno la kwanza. Meno yale na masikio yale yamekwisha kutuambia huyu ni nani. Mchekeshaji hana haja ya kuongeza chumvi kwa sauti, kwa sababu mikono imeshaiongeza. Anaweza kusema taratibu, kwa dhati, jinsi mtu wa kweli anavyosema jambo la kipuuzi.

Na usemi wenyewe ni Kifaransa cha Quebec, chenye lafudhi yake na maneno yake ya nyumbani. Mwaka 1968, Michel Tremblay alipopandisha jukwaani tamthilia yake Les Belles-sœurs kwa lugha ya mitaa ya wafanyakazi wa Montreal, wapo waliosema lugha hiyo haistahili jukwaa. Leo vikaragosi vya Beaudet vinaiongea bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Nafurahia sana jambo hilo. Mzaha unaotegemea pumzi na mkato wa maneno hufa ukisafishwa lugha, na mdomo halisi uliopachikwa pale unaonyesha namna midomo ya watu wa mahali hapo inavyoyatafuna maneno.

Kichekesho kilichompa jina mapema ni Le Willi Waller 2006, kinachoigiza matangazo ya televisheni ya kuuza vifaa vya nyumbani. Bidhaa yenyewe ni kifaa cha kumenyea viazi. Ni mtu aliyewahi kuishi kwa matangazo tu anayejua kwamba muuzaji wa namna hiyo hawezi kunyamaza, kwamba lazima abuni shida kwanza ndipo auze dawa yake, na kwamba tabasamu lake halipaswi kulegea hata sekunde moja. Anayajua yote hayo, akayatia katika uso wa udongo, halafu akayaacha macho yaendelee kutuuzia kiazi kilichomenywa kwa imani kamili.