Mbwa Amehasiwa, Kochi Bado Linanuka

Katika nyumba nyingi za kupanga za Kamenu, mjini Thika, mlango wa mbele unafunguka moja kwa moja sebuleni. Nje ni korido, ngazi, viatu vya majirani, na mbwa koko anayepita getini kila alfajiri. Mbwa dume aliye ndani hupata habari zote hizo kwa pua, kupitia upenyo ulio chini ya mlango. Anapojibu, huinua mguu: pembe ya kochi, mtungi wa gesi, pipa la maji.

Mwenyewe humpeleka kwa daktari wa mifugo akahasiwe. Kidonda kinapona, miezi miwili inapita, na asubuhi moja pembe ile ile ya kochi imeloa tena. Hapo ndipo husemwa kwamba pesa zimeliwa bure.

Hazikuliwa bure, ila upasuaji ulitwishwa kazi isiyo yake. Mwaka 1997 Neilson, Eckstein na Hart, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha matokeo ya mbwa madume 57 waliohasiwa wakiwa na zaidi ya miaka miwili. Kwa kukojoa ili kuweka alama, na vilevile kupandia na kuzurura, angalau mbwa sita katika kila kumi walipunguza tabia hiyo kwa nusu au zaidi. Walioiacha karibu kabisa walikuwa kati ya robo na asilimia 40. Umri wa mbwa na muda aliokaa na tabia hiyo havikubadili matokeo. Kisu huondoa homoni. Mazoea hubaki, na harufu iliyomo ukutani hubaki pia.

Kabla ya yote, tazama mkojo wenyewe. Alama ni matone machache, mara nyingi kwenye kitu kilichosimama. Dimbwi sakafuni, damu, kujikamua bila kutoa kitu, au kiu isiyoisha ni mambo ya daktari: huenda ni maambukizi ya kibofu, mawe au kisukari. Mbwa anayejikamua na hatoi hata tone apelekwe siku hiyo hiyo.

Kisha usafi, na hapa ndipo nyumba nyingi hukosea. Mtu huona doa, akamimina Jiki, dawa ya klorini. Dawa hiyo ikikutana na amonia ya mkojo hutoa hewa inayochoma macho na kifua. Sabuni zenye amonia nazo huongeza harufu inayofanana na ile ile inayofukuzwa. Kinachofaa ni sabuni ya unga yenye vimeng'enya (soma pakiti, si zote zinavyo): gramu 100 kwa lita moja ya maji, ikijaribiwa kwanza mahali pasipoonekana ili isiharibu rangi. Ukuta wa plasta na mbao za kochi hunywa mkojo, kwa hiyo maji hayo ya sabuni nayo yaachwe yanyweke, yasipanguswe mara moja. Suuza, kausha, malizia kwa spiriti ya duka la dawa, mbali na moto na mtungi wa gesi.

Madoa yaliyokauka huonekana kwa ile tochi ya mwanga wa zambarau ambayo wenye maduka humulikia noti. Zima taa usiku, piga magoti, mulika kwa kimo cha goti la mtu. Wengi hushtuka: walijua doa moja, wanaona mengi.

Wiki zinazofuata mbwa hazunguki ndani peke yake. Hufungwa kamba ndefu kiunoni mwa mtu, hutolewa nje kila baada ya saa mbili, na akikojoa huko hupewa omena hapo hapo, mkojo ukiisha tu, si baada ya kurudi ndani. Kumsugua pua kwenye doa la jana ni ukatili usiofundisha kitu. Mbwa haunganishi adhabu na jambo la jana, hujifunza tu kujificha nyuma ya kochi. Mshipi wa tumbo ulioshonwa kwa kitambaa na kuwekwa pedi huokoa fanicha, lakini ukilowa ubadilishwe, la sivyo ngozi itachubuka.

Upenyo wa mlango nao uzibwe kwa kitambaa kilichoviringishwa, na viatu vya wageni viwekwe juu ya rafu. Mbwa hurudishiwa uhuru wa vyumba kimoja kimoja, kila kimoja baada ya siku kadhaa bila doa jipya. Sebule, yenye mlango na kochi lile, huwa ya mwisho.