Tunapima ufundi au Kiingereza cha fundi?

Kijana anayetafuta kazi kiwandani au nafasi katika chuo cha ufundi huweza kukumbana na jaribio la kupima uelewa wake wa kanuni za msingi za mitambo na umeme. Huonyeshwa mchoro wa magurudumu yenye meno, mzigo unaoning'inia kwenye kapi, au balbu mbili na betri moja. Kisha huulizwa: gurudumu la mwisho litazunguka upande gani? Kamba ipi itavutika kwa wepesi? Balbu moja ikiungua, ya pili itaendelea kuwaka?

Aina hii ya jaribio ina historia ndefu. Mojawapo ya yaliyovuma sana ni lile la Mmarekani George K. Bennett, lililotolewa mwaka wa 1940. Wazo lake lilikuwa zuri: kupima akili ya kufahamu jinsi vitu vinavyosukumana, kuvutana na kuzungushana. Ndiyo maana picha ilitangulizwa na maneno yakapunguzwa.

Likifika kwetu, jaribio hili hugeuka sura. Vijitabu vya mazoezi ambavyo nimevipitia vyote vimeandikwa kwa Kiingereza, na fizikia yenyewe katika shule zetu za upili hufundishwa na kutahiniwa kwa lugha hiyo hiyo. Mchoro ni wa kapi, sawa, lakini asiyejua jina la kapi kwa Kiingereza hajui anaulizwa nini. Akikosea, alama zinasema hana akili ya ufundi. Huo ni uongo, tena uongo unaomnyima mtu riziki.

Tuchukue mfano wa Kibuyuni, kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani karibu na Shimoni, kusini mwa Kwale. Kina mama wa pale hufunga mbegu za mwani kwenye kamba zilizotandazwa baina ya vigingi, maji yakitoka. Sasa hebu fikiria swali hili: kamba mbili zinabeba mzigo ule ule, moja imekazwa ikanyooka kama rula, nyingine imelegezwa kidogo. Ipi itakatika mwanzo? Jibu ni ile iliyokazwa, kwa sababu kamba kadiri inavyonyooka ndivyo mvuto ndani yake unavyozidi kwa mzigo ule ule. Hiyo ni mekanika kamili. Mtu anayeshinda na kamba na mawimbi ana kila sababu ya kulifahamu jambo hilo. Muulize kwa lugha asiyoimudu, atanyamaza, nawe utaandika sufuri.

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakina maneno ya mambo haya. Hebu na tupande jahazi. Tanga hutundikwa kwenye foromali, na foromali hupandishwa kwa kamba nene iitwayo henza. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaeleza kwamba kwenye henza hufungwa gofia, na kamba nyingine, jarari, hupita kwenye gofia hiyo na kwenye abedari. Abedari imetulia chomboni. Gofia inasafiri na henza. Kwa maneno mengine, wanamaji wetu wana majina mawili tofauti kwa kapi isiyosogea na kapi inayosogea, tofauti ambayo vitabu vya shule huieleza kwa kuongeza kivumishi. Na tofauti hiyo ndiyo roho ya swali la mtihani! Kapi isiyosogea hubadilisha tu upande wa kuvutia. Ile inayosogea ndiyo inayopunguza kani: mzigo ukigawanywa kwa sehemu mbili za kamba, mkono huvuta takriban nusu, ukiacha msuguano, ila kamba itakayopita mkononi ni urefu maradufu.

Mfano mwingine ni neno nyenzo. Leo tunalisikia kwenye semina: nyenzo za utafiti, nyenzo za kufundishia. Wengi hawakumbuki tena kwamba umoja wake ni wenzo, yaani mti au mtaimbo wa kuinulia kitu kizito. Wasomi tumelichukua neno la fundi, tukalipeleka ofisini, kisha tunarudi kumwambia fundi kwamba lugha yake haina istilahi. Jamani!

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba kutafsiri swali kunatosha. Kiswahili cha mazungumzo nacho kina mitego yake. Neno nguvu ndilo baya zaidi hapa. Ukiuliza, "Ukitumia gofia, nguvu inapungua?" unauliza maswali mawili kwa pamoja. Nahodha mzoefu anaweza kukujibu: "Nguvu ni ile ile, mwanangu, unachookoa mkononi unakilipa kwa kamba." Ukifuata kitabu, utamkosesha, kumbe amesema kweli tupu: kani imepungua, kazi haijapungua. Aliyefeli hapo ni mtunga swali. Istilahi za kutenganisha mambo haya tunazo. Kani, kazi na nishati zimo katika maandishi ya sayansi ya Kiswahili, na TUKI ya Dar es Salaam ilishachapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka wa 1990.

Kwenye umeme, mtego ni hatari kwa maisha. Mitaani husikii "mkondo" wala "ukinzani". Unasikia stima, waya wa moto, na hasa shoti. Lakini shoti ni ipi? Nyumba ikiungua kwa sababu nyaya mbili zimegusana, watu husema ni shoti. Mtu akirushwa na umeme akishika waya uliochunika, amepigwa shoti vilevile. Ni mambo mawili mbalimbali. Katika la kwanza mkondo umepata njia ya mkato ukawa mkubwa kupita kiasi, na fyuzi imewekwa ikatike hapo. Katika la pili mkondo umepita mwilini, na kiasi kinachotosha kuua ni kidogo mno kuweza kukata fyuzi ya kawaida. Anayefikiri kwamba shoti ni moja ataiamini fyuzi imlinde mahali isipoweza. Kwa hiyo swali la Kiswahili liseme shoti kwa nyaya zilizogusana na mshtuko wa umeme kwa mwili wa mtu, na mwalimu azitenganishe darasani mapema.

Nionavyo mimi, kosa liko pande mbili. Watunga mitihani wanapima Kiingereza na kukiita ufundi. Sisi wa lugha nasi tunaunda istilahi mezani bila kuuliza neno linaitwaje gereji au chomboni, halafu tunashangaa hazitumiki. Dawa si ngumu. Mtunzi aanze na neno la fundi. Pale neno hilo linapobeba maana mbili, achukue la kamusi alitenganishe. Kisha awape mafundi wanaojulikana kwa ustadi wajibu swali hilo kwanza. Wakilikosa hao, alitupe swali.

Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Urasmi huo hauna maana ukiishia kwenye hotuba na mabango. Kijana anayejua kwamba balbu zilizofungwa sambamba hazizimiki zote moja ikiungua anastahili kuulizwa hivyo, kwa maneno hayo, na kupewa alama yake.