Gitaa Lenye Marejeo ya Biblia

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wahubiri wengi wa Marekani waliwaonya vijana kwamba santuri za roki, ukizizungusha kinyumenyume, hutoa maneno ya shetani. Bendi ya roki ya Kikristo ya Petra ikawajibu kwa utani. Mwaka 1982, kwenye albamu ya More Power to Ya, wimbo "Judas' Kiss" ulianza na sauti iliyogeuzwa kwa makusudi. Aliyejipa kazi ya kuirudisha sawa alikuta anaulizwa kwa nini ahangaike kumtafuta shetani badala ya kumtafuta Bwana.

Utani unakwisha kwa sekunde chache, halafu gitaa la umeme linaingia kwa kishindo. Hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo. Mwimbaji anamuuliza Yesu anajisikiaje watu wake wanapompa kisogo, na kiitikio kinataja majeraha moja baada ya jingine: mwiba, ahadi iliyovunjwa na rafiki, msumari. Busu linakuja mwisho. Kwa mwili halina maumivu hata kidogo, lakini limewekwa mahali ambapo muziki unatua kwa uzito wote, na msikilizaji anaelewa bila kuhubiriwa. Mtunzi mwenye haraka angemalizia na msumari.

Petra ilianzishwa Fort Wayne, jimbo la Indiana, mwaka 1972. Mpiga gitaa Bob Hartman ndiye aliyekuwa mtunzi wake mkuu kwa miaka mingi. Siku zile roki ya Kikristo haikuwa na kwao: kanisani ilishukiwa kuwa ya dunia, na huko duniani ilionekana mahubiri matupu. Sisi tuliokulia kwenye kwaya na mapambio, tukasikia wazee wakinung'unikia gitaa la umeme kanisani, mabishano hayo hatuyashangai. Wimbo uliowafungulia Petra redio za Kikristo mwaka 1981 ulikuwa wa upole kabisa, "The Coloring Song", unaokwenda rangi kwa rangi ukianzia na wekundu wa damu. Basi waliokuja kusikiliza wimbo huo wakaletewa ngurumo pia.

Kinachonivutia zaidi ni majalada yao. Kwenye albamu zao nyingi mashairi ya nyimbo yamechapishwa pamoja na marejeo ya Biblia, kitabu, sura na mstari, kama fundi anayeweka chapa yake chini ya mtungi. Wimbo uliobeba jina la More Power to Ya unasimama juu ya Isaya 40:31, lile andiko la kungoja na kupata nguvu mpya. Hartman hakulipachika andiko juu ya wimbo uliokwisha kamilika, maana ukiliondoa, wimbo hauna pa kusimama.

Si kila kitu kilikuwa dhahabu. Beat the System ya 1984 ilijazwa vinanda vya kielektroniki hadi gitaa likakosa hewa. Leo albamu ile imezeeka kuliko zilizoitangulia. Mwaka uliofuata mwimbaji Greg X. Volz, mwenye sauti safi ya kupaa, akaondoka. Akaingia John Schlitt, aliyewahi kuimba na bendi ya Head East hadi dawa za kulevya zikamponza. Alikuwa ameokoka, ameacha muziki, na anafanya kazi ya uhandisi migodini. Sauti yake ina mikwaruzo, na nyimbo nazo zikawa nzito zaidi. Sikiliza This Means War! ya 1987 uone.

Kilele, kwa maoni yangu, ni Beyond Belief ya 1990, iliyotayarishwa na ndugu wawili, John na Dino Elefante. Sauti za waitikiaji zimepangwa tabaka juu ya tabaka, ngoma za Louie Weaver zinapiga chini yake bila mbwembwe, na pamoja na makelele yote hayo kila neno linasikika. Ilipata tuzo ya Grammy, na haikuwa ya mwisho kwao. Hata Hartman alipoacha ziara katikati ya miaka ya 1990, aliendelea kuitungia bendi nyimbo.

Mwaka 2005 walifanya ziara ya kuaga. Ambaye hajawahi kuwasikia aanze na More Power to Ya, asikilize albamu nzima kwa mpangilio wake, na asiogope kuongeza sauti.