Neno "Honest" katika Othello: Uteuzi wa Visawe na Hatima ya Tamthiliya katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa maneno ya kila siku ya Kiingereza, ni machache yanayomtaabisha mfasiri wa fasihi kama "honest". Katika mazungumzo ya kawaida neno hili huonekana jepesi: husemwa juu ya mtu asiyedanganya wala kuiba. Kamusi za Kiingereza na Kiswahili kwa desturi huorodhesha visawe na kuvitenga kwa mikato. Kwa neno hili visawe vinavyojitokeza ni kama vile mwaminifu, mkweli, mnyofu na mwadilifu. Mtumiaji huachiwa jukumu la kuteua kinachofaa muktadha wake. Katika barua au taarifa ya habari, utaratibu huo hauleti hasara kubwa. Makala hii inadai kuwa katika Othello, tamthiliya ya William Shakespeare, utaratibu huohuo huziokoa sentensi na kuipoteza kazi nzima.

Uzito wa uteuzi wa kisawe si jambo geni katika historia ya tafsiri ya Kiswahili. Mwaka 1969, miaka 2 baada ya Azimio la Arusha, tafsiri ya Julius K. Nyerere ya The Merchant of Venice ilichapishwa kwa jina la Mabepari wa Venisi. Nyerere angeweza kutumia mfanyabiashara, mchuuzi au tajiri. Aliteua bepari, neno lenye asili ya Bara Hindi, ambako maana yake ni mfanyabiashara tu, lakini ambalo katika Tanzania ya wakati ule lilikuwa limekwisha kubeba hukumu ya kisiasa. Aidha, umoja wa jina la asili uligeuzwa kuwa wingi. Msomaji huongozwa kuwa na mtazamo juu ya biashara na faida kabla hajakutana na mhusika hata mmoja. Ikiwa neno moja katika jina la kitabu laweza kufanya hayo, neno linalorudiwa katika tamthiliya nzima laweza kufanya zaidi.

2.0 Maana za neno hilo wakati wa Shakespeare

"Honest" liliingia katika Kiingereza kutoka Kilatini kupitia Kifaransa cha kale, nalo lina udugu na "honour", yaani heshima. Maana yake ya awali ilihusu hadhi ya mtu mbele ya jamii kuliko ukweli wa kauli zake. Kufikia mwaka 1604, Othello ilipoigizwa mbele ya mfalme wa Uingereza, maana kadhaa zilikuwa zikiishi pamoja katika neno hili. Kwanza, lilimtaja mtu asemaye kweli. Pili, lilimtaja mtu wa kutegemewa katika kazi na mali. Tatu, liliposemwa juu ya mwanamke, lilihusu usafi wake wa kimwili. Nne, lilikuwa sifa ambayo mkubwa humpa mtu wa chini yake: sifa inayopongeza na papo hapo kumkumbusha mpongezwa mahali pake.

Maana hizi si maneno manne yaliyogongana kwa sauti tu. Ni matawi ya shina moja, na msemaji anapotumia tawi moja, mengine hutikisika. Hapo ndipo nguvu ya neno ilipo, na ndipo orodha ya visawe inapoanza kupotosha, kwa sababu huyakata matawi na kumkabidhi mfasiri kama vijiti vilivyotengana.

3.0 Kazi ya neno ndani ya tamthiliya

William Empson, katika kitabu chake The Structure of Complex Words cha mwaka 1951, alihesabu matumizi 52 ya neno hili na nomino yake katika Othello. Wingi huo si ajali. Iago, mtu mwongo kuliko wote jukwaani, ndiye anayesifiwa kwa neno hili na takriban kila mtu: Othello, Cassio na hata Desdemona. Hadhira inaujua uongo wake tangu mwanzo, hivyo kila sifa anayopewa huongeza kinaya.

Mfano ulio wazi zaidi umo katika tendo la 3, onyesho la 3. Othello anauliza iwapo Cassio ana sifa hiyo. Iago hajibu, bali analirudisha neno kama mwangwi mpaka linaanza kunuka shaka. Muda mfupi baadaye Othello analitumia neno hilohilo kwa mkewe, na Iago anapoondoka, analitumia kwa Iago mwenyewe. Watu watatu wanapimwa kwa mizani moja ndani ya onyesho moja: ofisa kwa utumishi wake, mke kwa ndoa yake, na mshauri kwa kauli zake. Othello hawezi kumwona Iago kuwa na sifa hiyo bila kumwondolea Desdemona, kwani maneno ya mmoja yanamhukumu mwingine.

Tuchukulie sasa mfasiri anayefuata muktadha wa kila sentensi. Cassio atakuwa mwadilifu, Desdemona msafi, na Iago mkweli. Kila uteuzi unaweza kutetewa, lakini mizani imevunjika. Hadhira ya Kiswahili itamwona mtu aliyeshawishiwa na fitina na kuamua kijinga. Haitamwona mtu aliyenaswa na neno ambalo jamii yake yote inalitumia bila kulichunguza. Kilichokuwa tanzia ya lugha na imani kinageuka kisa cha wivu.

4.0 Mwaminifu kama mhimili

Makala hii inapendekeza kwamba mwaminifu ndilo neno lenye uwezo wa kubeba mzigo huo. Kiswahili humwita mwaminifu mtunza duka asiyegusa fedha, rafiki atunzaye siri, na mke au mume asiyetoka nje ya ndoa. Tena ni sifa ambayo mwajiri humpa mtumishi mara nyingi kuliko mtumishi anavyompa mwajiri. Iago, aliyenyimwa cheo alichokitamani huku akiendelea kusifiwa, anaweza kuusikia ufinyu wa sifa hiyo katika Kiswahili kama anavyousikia katika Kiingereza.

Lipo pia jambo ambalo Kiswahili kinaliongeza. Mwaminifu linatokana na amini, mzizi uliozaa imani, amana, aminika na aminisha. Othello anapovutwa huku na huku kati ya kumwamini mkewe na kutomwamini, kitenzi chake na sifa anayoitafuta hukutana kwenye mzizi mmoja. Kazi ya Iago nayo inapata jina lake halisi: anaaminisha. Kiswahili kinaweka wazi jambo ambalo Kiingereza hakilitamki, kwamba uaminifu wa mtu, kama unavyoonekana kwa wengine, hukaa pia katika macho ya anayemwamini.

5.0 Mipaka ya pendekezo

Pendekezo hili lina gharama tatu. Kwanza, mwaminifu hauchukui barabara ukweli mkavu wa askari asiyejua kupamba maneno, sura ambayo Iago anaivaa kwa makusudi. Sura hiyo italazimika kujengwa kwa lahaja, mkato wa sentensi na uigizaji. Pili, Bianca, ambaye hajaolewa, anapojitetea dhidi ya Emilia kwamba maisha yake hayana doa, uaminifu unakosa mwenzi wa kuelekezwa kwake, na sentensi inalegea. Tatu, na kubwa zaidi, ni kupotea kwa udugu wa neno na heshima. Karibu na mwisho Othello anaziweka sifa hizi mbili pamoja na kuhoji kwa nini moja iishi baada ya nyingine kufa. Katika Kiswahili, heshima na uaminifu hayatoki shina moja, na mchezo huo wa sauti hauwezi kurejeshwa.

Hasara hizi hazibatilishi pendekezo. Zinabainisha aina ya tamthiliya itakayopatikana. Othello ya Kiswahili itaegemea zaidi katika imani na usaliti wake, na kidogo katika heshima na kuporomoka kwake. Mfasiri anapaswa kulijua hilo na kulikubali wazi.

6.0 Hitimisho

Uhakiki wa tafsiri katika Kiswahili mara nyingi hupima sentensi moja moja: je, kisawe kimelingana na muktadha wake? Mfano wa Othello unaonesha kuwa kipimo hicho hakitoshi. Neno linaporudiwa kwa makusudi, muktadha wake ni kazi nzima, na ulinganifu unaotakiwa ni wa mtandao wa marudio. Mhakiki anapaswa kwanza kuyahesabu matumizi ya neno katika matini chanzi, kisha aulize ni mangapi yamebaki yakitambulika kuwa neno lilelile katika matini lengwa. Tafsiri yenye neno moja linalobana hapa na pale inaweza kuwa aminifu zaidi kwa Othello kuliko ile yenye visawe vinne vinavyokaa vizuri kila kimoja mahali pake.