Katesta ka taa tatu hakaoni kila kitu

Katesta ka soketi ka taa tatu kanafaa: ethi ikikatika, au waya wa moto na nyutro vikibadilishana, kanakuambia hapo hapo. Ila fundi mvivu akiunga ethi na nyutro ndani ya soketi, taa zinasema "sawa" tu. Sasa nyutro ikatike huko nyuma ya soketi: bodi la friji linabeba volti 230, na wewe ndiye unayefungua mlango! Hata ethi mbovu yenye ukinzani mkubwa inafaulu, kwa kuwa taa zinatumia mkondo mdogo mno. Hiyo inataka mita ya ethi. Kitufe cha T kwenye swichi inayokata umeme ukivuja nacho kinajaribu swichi yenyewe tu, si ethi.