Ngome Kongwe ni Darasa la Taarab

Mwanafunzi wa fidla anaweza kuusoma wimbo wa taarab kwenye nota bila kosa hata moja, na bado akashindwa kumfuata mwimbaji. Pengo hilo huzibwa na tamasha, na Zanzibar inatuonyesha namna.

Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, DCMA, kilianzishwa Mji Mkongwe mwaka 2002. Mwaka 2004 likazaliwa tamasha la Sauti za Busara, ambalo jukwaa lake kuu limekuwa Ngome Kongwe. Vikundi vya chuo hicho vimepiga hapo. Tamasha lina msimamo mmoja: muziki upigwe papo kwa papo. Hakuna kanda ya kujifichia.

Somo la kwanza ambalo mwanafunzi hulipata hapo ni mapambo. Taarab asilia ni muziki wa kukaa na kusikiliza. Fidla, udi na ganuni hupita njia moja ya wimbo, kila ala kwa madoido yake. Mwimbaji akimaliza mshororo, ala humjibu. Nota huandika njia, lakini madoido mengi hubaki nje ya karatasi. Mwanafunzi huyaokota kwa sikio, akiwa ameketi ubavuni mwa mkongwe.

La pili ni sauti yenyewe. Katika Rast, mojawapo ya maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, sauti ya tatu hukaa katikati ya vitufe viwili vya kinanda. Fidla huitafuta kwa kidole, ganuni huipata kwa vijikono vidogo vya kurekebishia nyuzi, akodiani ya kawaida haina kabisa. Anayefanya mazoezi peke yake chumbani halioni tatizo hili. Kundi zima likikaa pamoja, tatizo linasikika papo hapo, na mpiga akodiani hujifunza kunyamaza mahali panapostahili.

La tatu ni hadhira. Shabiki anainuka kumtunza mwimbaji, mwimbaji anaurudia mshororo uliomgusa, na wapigaji wote hawana budi kurudi naye bila kukatika. Hilo hakuna mtihani wa darasani unaoweza kulipima.

Basi waandaaji wa matamasha wawafungulie wanafunzi wote milango ya mazoezi, hata wale wasiopanda jukwaani. Walimu nao waurekodi muziki wa tamasha, na kesho yake wakae na vijana wausikilize upya: wapi fidla ilichelewa, wapi ngoma ya dumbaki ilikimbia. Kikundi cha taarab cha Zanzibar, Nadi Ikhwan Safaa, kilianzishwa 1905, na tangu enzi hizo taarab imefika kwetu kwa mdogo kukaa karibu na mkubwa. Tusiivunje safu hiyo.